Vizuka vya Hotelini na Haki za Maiti

 

Ndugu zetu wakaao Meru kwa biashara wametuandikia waraka, nao wataka jawabu katika jarida hili ili wenziwao wa Embu na wa hapa pwani nao wafaidike. Khulasa ya waraka ni kwamba vijana wa huko, Waislamu na wasio Waislamu, wamo katika kukusanya fedha watengeneze picha ya sinema kwa gharama ndogo. Picha yenyewe ni ya visa vinne, kila kimoja mbali, lakini vyote vyatokea ndani ya hoteli moja kongwe ya zama za Waingereza, na katika kila kisa maiti hurudi. Mmoja wa vijana wetu ametakiwa atoe sehemu ya mtaji, na mwingine ametakiwa acheze. Wao wauliza: Je, yafaa? Na wazee wao wauliza jambo jingine, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa zaidi: Je, ni kweli kwamba roho za waliokufa kwa dhulma hubaki katika nyumba walimofia, zikawatokea usiku walalao humo?

Yafaa msomaji ajue kwanza kwamba biashara hii si mpya. Mwaka 1945 kiwanda cha sinema cha Ealing, huko London, kilitoa picha iitwayo Dead of Night, ambamo wageni waliokusanyika katika nyumba moja ya shamba husimuliana mambo ya kutisha, kila mmoja chake, na visa hivyo vikaungwa vikawa picha moja. Mtindo huo umeigwa sana tangu hapo, na sababu yake kubwa ni hesabu. Mwenye fedha kidogo hawezi kupiga picha ya vita wala ya safari za baharini. Lakini akipata nyumba moja kongwe yenye vyumba vingi, taa chache na wachezaji watano, amekwisha pata picha. Giza halinunuliwi. Na visa vikiwa vifupi vifupi, kilicho kibovu husahauliwa kwa kile kijacho.

Watu wetu wa pwani waliokuwa wakienda kutazama picha za Kihindi hawatakuwa wamewasahau akina Ramsay, wale ndugu saba wa Bombay. Mwaka 1972 walitoa picha iitwayo Do Gaz Zameen Ke Neeche, maana yake yadi mbili chini ya ardhi, yaani kaburini. Hawakujenga majumba ya kupigia picha. Walikwenda Mahabaleshwar, mji wa milimani, wakashika nyumba ya wageni ya serikali, wakalala humo humo na wakapiga picha humo humo, wao na jamaa zao. Na faida waliyoiona iliwafanya waendelee na vizuka kwa miaka mingi. Huko Marekani mwandishi Stephen King alilala usiku mmoja mwaka 1974 katika hoteli ya Stanley, jimbo la Colorado, wakati msimu umekwisha na hoteli karibu tupu. Akatunga kitabu kilichotoka mwaka 1977, na Stanley Kubrick akakifanya sinema mwaka 1980. Picha hiyo haikuwa ya fedha kidogo, lakini twaitaja kwa ajili ya jambo moja. Sura ya nje ya hoteli ilipigwa katika hoteli nyingine, Timberline, jimbo la Oregon. Na wenye hoteli hiyo wakaomba namba ya chumba cha vizuka ibadilishwe kutoka 217 iwe 237, kwa kuwa 217 wanacho na 237 hawana, nao waliogopa wageni watakataa kukilala. Hoteli ya Stanley ikafanya kinyume chake: huwatembeza watu kwa malipo, wakaoneshwe mahali pa vizuka. Zingatia hapo, ewe msomaji. Hoteli moja yaogopa kizuka kisiifukuzie wageni, na ya pili imekiajiri kazi. Na kwa zote mbili jambo la kuangaliwa ni daftari la wageni, si ukweli wa kizuka.

Kisha mambo hayo yakafika kwetu. Katika miaka ya 2000 Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitoa Nsyuka na Shumileta, picha za mizimu na majini kwa Kiswahili, zikauzwa kwa kanda hadi vijijini. Na River Road ya Nairobi ikawa soko la picha za fedha chache za kila namna. Basi vijana wa Meru hawakuzua, wamefuata.

Na hoteli za namna hiyo pande hizo zipo. Meru yajulikana ile ya Pig and Whistle, jina lililochukuliwa katika vilabu vya pombe vya Uingereza, na ambalo Mwislamu akilifasiri hakosi kutabasamu. Embu ipo ya Izaak Walton, iliyopewa jina la Mwingereza ambaye kitabu chake cha kuvua samaki kwa ndoana kilichapishwa mwaka 1653. Nao Wazungu wa zama hizo walipenda sana kuvua katika mito ishukayo Mlima Kenya. Hatusemi kwamba hoteli hizi zina lolote la kutisha, wala waraka haukuzitaja. Twazitaja ili msomaji wa pwani apate sura ya nyumba tunayoizungumzia: nyumba ya zama za ukoloni, mahali pa baridi na ukungu, na ndani yake mbao za kale. Ubao ukipoa usiku hulia. Mtu aliyezoea nyumba za mawe za Lamu na Mombasa akilala penye mbao hizo mara ya kwanza, ataapa kwamba kuna anayetembea juu ya dari.

Nao wenyeji wa pande hizo wana itikadi zao za zamani katika jambo hili. Roho ya mfu Waembu huiita ngoma, na Wameru huiita nkoma. Hata sisi tukisema kwamba jana usiku nyumbani kwetu palikuwa na ngoma, mzee wa Embu atafahamu jambo jingine kabisa. Wazee wao wa kale hawakupenda mtu afie ndani ya nyumba. Mgonjwa aliyekatiwa tamaa alikuwa akitolewa nje, na nyumba iliyofiwa ndani yake ilikuwa ikihamwa. Basi mtu aliyelelewa juu ya khabari hizi, ukimwingiza katika hoteli waliyopita wageni wa miaka themanini au zaidi, na ukamwambia kwamba fulani alifia chumba hiki, huna haja ya kumwonyesha sinema. Wala tusiwacheke. Wameru wenyewe husimulia kwamba wahenga wao walitoka katika kisiwa cha pwani wakiitacho Mbwaa, wakikimbia utumwa wa watu wa nguo nyekundu, na wako wanahistoria wanaokielekeza kisiwa hicho pande za Manda na Pate. Huenda tukawa jirani zao wa zamani; na khofu zetu, kama tutakavyoona, si mbali na zao.

Sasa twalijibu swali la wazee. Katika Sura ya Al-Muuminun, aya ya 99 na ya 100, Mwenyezi Mungu ametueleza hali ya mwenye kuharibikiwa anapofikiwa na mauti: huomba arudishwe duniani apate kutenda mema aliyoyaacha, naye hukataliwa, na mbele yake huwa kizuizi mpaka siku ya kufufuliwa. Kizuizi hicho ndicho barzakh. Tazama ni nani aombaye, na aomba kwa ajili ya nini. Aomba arudi asali, atoe zaka, arudishe alichodhulumu, na hata ruhusa hiyo hakupewa. Vipi basi apewe ruhusa anayetaka kurudi ili agonge milango na kuwazimia wageni taa? Na katika Sura ya Az-Zumar, aya ya 42, tumejulishwa kwamba roho iliyohukumiwa kufa huzuiliwa, na hiyo nyingine ya aliyelala ndiyo irudishwayo. Iliyozuiliwa na Mwenyezi Mungu haizururi katika ujia wa hoteli.

Itikadi hiyo ilikuwapo kwa Waarabu wa Jahiliya vile vile. Walidai kwamba mtu akiuawa na asilipiziwe kisasi, hutoka kichwani mwake ndege mfano wa bundi, wakimwita hama, akawa analia juu ya kaburi akitaka kunyweshwa damu ya muuaji mpaka kisasi kitimie. Mtume (s.a.w.) alikanusha khabari ya hama kwa kauli iliyo wazi, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim. Tulipousoma muhtasari wa visa vinne tulioletewa, tulimkuta hama huyo huyo amevuliwa manyoya akavishwa shuka jeupe. Mtumishi wa hoteli aliyeuawa arudi kumtafuta bwana wake. Mshirika aliyedhulumiwa arudi kumtafuta mwenzake. Mpiganaji wa msituni aliyenyongwa arudi kumtafuta afisa wa Kizungu. Na mke aliyetiwa sumu arudi kwa mumewe. Vyote ni kisa kimoja. Ni damu iliyolia na ikakosa wa kuisikiza.

Asije mtu akasema kwamba tumekanusha majini. Kuwapo kwa majini ni jambo lililothibiti katika Kitabu, na sura nzima imeitwa kwa jina lao. Lakini jini si maiti, na maiti hawi jini. Jini ni kiumbe kilichoumbwa kwa moto, kina uhai wake na mauti yake na hesabu yake. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya ameeleza mahali pengi kwamba yule aonekanaye kwa sura ya mtu aliyekufa, akisema mimi ni fulani, ni shetani aliyejifananisha ili awapoteze watu. Na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, katika kitabu chake cha Roho, amekubali kwamba roho za walio hai zaweza kukutana na roho za waliokufa katika usingizi. Nasi hatumpingi, ila ndoto ni ndoto, na hapana aliyeotea kwamba marehemu babake amemkabidhi ufunguo wa chumba, akaamka nao mkononi.

Na mwenye kulala ugenini akaingiwa na wasiwasi, dawa yake tayari amekwisha pewa. Waarabu wa Jahiliya waliposhuka katika bonde usiku walikuwa wakijikinga kwa bwana wa bonde hilo, yaani mkubwa wa majini yakaayo hapo. Na Sura ya Al-Jinn, aya ya 6, yaeleza kwamba kujikinga huko hakukuwazidishia ila madhara. Mtume (s.a.w.) akatufundisha badala yake. Katika hadithi ya Khawla binti Hakim, iliyopokewa na Muslim, mwenye kushuka mahali popote na akajikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia na shari ya alivyoviumba, hapana kitakachomdhuru mpaka atakapoondoka mahali hapo. Dua hiyo haimalizi nusu dakika kuisoma, nayo yafaa kwa hoteli ya nyota tano kama ifaavyo kwa kibanda cha njiani. Ongeza Ayatul Kursiy wakati wa kulala, kwa hadithi ya Abu Hurayra iliyomo katika Bukhari, kisha funga mlango kwa komeo, kwani wezi wa mahotelini ni wengi kuliko majini.

Huenda mtu akasema: picha ni mchezo tu, na watazamaji wajua kwamba ni mchezo. Twajibu kwamba wengine wajua na wengine hawajui, na khofu ikishaingia moyoni haiulizi ilikotoka. Tuutazame mwaka 1995, uliokuwa mwaka wa uchaguzi Zanzibar. Khabari ya popobawa ilianza Pemba, ikavuka hadi Unguja. Watu wazima, wenye kuswali, wakaacha vitanda vyao wakalala nje kwa makundi, na moto umewashwa katikati. Mambo hayo yamekuwa mzaha sasa na yamefanyiwa sinema. Lakini katika siku hizo mtu mmoja asiyekuwa na akili timamu, mgeni kutoka bara, alishukiwa kuwa yeye ndiye popobawa, akauawa na kundi la watu mjini Unguja. Popobawa hakushikwa, aliyeshikwa ni maskini asiyeweza kujieleza. Na hapa kwetu Kilifi, ni wazee wangapi waliokatwa mapanga na watu wa nyumba zao wenyewe, kwa kuwa mtoto aliugua na macho ya bibi yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni? Kaya Godoma, huko Ganze, pamekuwa kimbilio la wazee waliotoroka wajukuu wao. Huo ndio mwisho wa khofu isiyokuwa na mizani: kwa kuwa kizuka hakionekani, hutafutwa anayeonekana, na siku zote hupatikana mnyonge.

Hapa pana jambo la aibu ambalo hatutalificha. Katika visa vinne hivyo yumo mganga aitwaye kuja kuitakasa hoteli, na mganga huyo ni mtu wa pwani, amevaa kanzu na kofia ya viua, ana tasbihi mkononi na chetezo mbele yake. Ndugu zetu wa Meru wamekasirika, na wana haki. Lakini aliyewafundisha watu wa bara kwamba kanzu ni nguo ya uchawi ni nani? Pita katika miji ya bara uyasome matangazo yaliyopigiliwa juu ya nguzo za umeme: mganga kutoka Tanga, mganga kutoka Pemba, mganga kutoka Mombasa, arudisha mke aliyetoroka, aongeza biashara, atoa mashetani katika nyumba. Hao si Wameru. Ni watu wetu, wengine wao walisoma juzuu mbili tatu chuoni wakatoroka, nao wamewauzia wakulima wa kahawa na wa miraa karatasi zilizoandikwa zafarani, kwa bei ambayo mtu angelipia karo ya mtoto. Mtume (s.a.w.) amesema, kama alivyopokea Muslim, kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala zake za siku arubaini hazikubaliwi. Ikiwa hayo ni ya mwenye kuuliza, basi yatakuwaje ya mwenye kujibu na kupokea fedha? Wenye sinema wamekichukua walichokikuta barabarani. Tukitaka kanzu itoke katika picha zao, ianze kutoka katika biashara ile.

Sasa turudi kwa ile damu iliayo, kwani hapo ndipo penye dhara kubwa zaidi ya picha hizi, na watu wengi hawalioni. Mtazamaji huona dhuluma mwanzo wa kisa, kisha huona maiti amerudi akajichukulia haki yake kwa mkono wake, naye hutoka hapo roho yake imetulia. Aliyedhulumiwa amekwisha lipwa. Hapana aliye hai aliyetakiwa kufanya lolote. Sisi twaambiwa kinyume chake. Maiti hatarudi kudai, na kwa sababu hiyo hasa deni lake limewekwa juu ya shingo za walio hai. Ililetwa jeneza mbele ya Mtume (s.a.w.), akauliza kama marehemu ana deni, akaambiwa anadaiwa dinari mbili, na katika riwaya nyingine tatu, akakataa kumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni hilo juu yake. Hakungoja mtu afe kisha aje kusumbua usiku. Alilitafuta deni kabla ya udongo.

Na katika lugha yetu ya pwani limo neno linalostahili kuangaliwa. Kizuka twamwita yule atishaye usiku, na kizuka vile vile twamwita mjane aliye ndani ya eda. Watu wetu humwogopa yule wa kwanza, na huyu wa pili humdhulumu. Ni nyumba ngapi, Mombasa na Malindi, na hata Meru kwenyewe, ambamo mume amekufa, na kabla kizuka hajatoka katika miezi yake minne na siku kumi, ndugu za marehemu wamekwisha badilisha hati ya duka na kuchukua ufunguo wa nyumba? Thumuni yake hapewi, wala robo. Watoto wa kike huambiwa wangoje. Kisha usiku mlango ukilia, ndugu hao hao hutafuta mganga. Wangekwenda kwa Kadhi wakagawa mirathi kama ilivyogawanywa katika Sura ya An-Nisaa, huenda wangeusikia mlango ule kama mlango tu.

Na ardhi ya Embu na Meru ina wafu wake wa kweli, wasiohitaji kutungiwa. Mwaka 1906 Waingereza walipeleka askari kuwapiga Waembu. Watu wengi wakauawa na mifugo yao ikachukuliwa. Katika miaka ya hali ya hatari, tangu 1952 hadi 1960, watu wa Embu na Meru walifungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, na wengine wakateswa katika kambi. Na baada ya uhuru, mwezi wa Januari mwaka 1965, Baimungi M'Marete, aliyekuwa mkubwa wa wapiganaji wa msituni Meru na aliyesema kwamba ardhi waliyoipigania hawajapewa, aliuawa na askari wa serikali ya Kenya huru. Katika hao wote hapana hata mmoja aliyerudi hotelini kumkaba mtu. Ardhi ya wenyewe ilikaliwa, kahawa ikapandwa, na wageni wakalala usingizi wao salama.

Lakini tazama lililotokea pale walio hai waliposimama. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya, wanaume kwa wanawake, walifungua mashtaka London kwa mateso waliyotendewa katika kambi zile. Serikali ya Uingereza nayo ikadai kwamba muda umepita sana. Mwaka 2011 ikadhihirika kwamba maelfu ya mafaili ya makoloni yalikuwa yamefichwa miaka yote hiyo katika jengo la serikali mahali paitwapo Hanslope Park, na ndani yake zimo khabari za Kenya. Mwezi wa Oktoba 2012 hakimu akatoa hukumu kwamba kesi yafaa kusikizwa, na tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza akasimama bungeni akakiri kwamba watu waliteswa, na kwamba watu 5,228 watalipwa, jumla yake pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Ukigawa ni fedha chache kwa mtu aliyevunjwa mwili wake, nasi hatusemi kwamba haki imetimia. Na mmoja wa wale watano alikufa kabla ya kuiona. Lakini haki kidogo hiyo ililetwa na vikongwe wenye mikongojo, waliopanda ndege wakenda wakasema mbele ya hakimu: haya nilitendewa mimi. Na ilisaidiwa na karatasi. Laiti vijana wetu wangelipiga picha hiyo. Hoteli yao yafaa kwayo, na vikongwe wengine bado wapo wa kuhojiwa, ingawa si kwa siku nyingi.

Basi jawabu la vijana ni hili. Katika asili ya picha za sinema wanachuoni wamekhitalifiana, nasi mlango huo hatuufungui leo. Tukiichukua kauli ya wanaoruhusu, twasema kwamba kisa chenye kuwathibitishia watu kwamba maiti hurudi, na kwamba mganga ndiye amwondoaye, hakifai kwa Mwislamu kukitunga, wala kukicheza, wala kukitilia mtaji, kwani ni kuwafundisha watu itikadi aliyoikanusha Mtume wao. Wakikigeuza kisa, kwamba vishindo vya usiku vimefanywa na mtu aliyetaka kuinunua hoteli kwa bei rahisi, au kwamba maovu ya chumba kile yamefichuliwa na mtumishi aliyekuwa hai siku zote akiogopa kusema, hapo hatuoni ubaya, na pengine picha itakuwa nzuri zaidi, kwa kuwa aliye hai ana la kujibu.

Yule aliyetakiwa acheze sehemu ya mganga aikatae, na awaambie wenzake sababu kwa upole, kwani wengi wao hawajui kwamba hilo latuuma. Na yule wa mtaji, hata wakikigeuza kisa, asikope kwa riba ili ashiriki, wala asitoe fedha kwa maneno matupu. Aandike mkataba na mashahidi wawili kama tulivyofundishwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, ijulikane fungu lake katika faida na katika khasara. Kwani picha za namna hii hutoka leo, na kesho zimekwisha enea bure katika simu za watu, na mwenye kutoa fedha huwa hana wa kumdai.

Swali jingine lililokuwa mwisho wa waraka, juu ya zaka ya kahawa, tutalijibu katika toleo lijalo, inshaallah.